Mtoto Kando ya Boga

Guoda, mlimani
9 Oktoba 2015

Bwana Picha, Ning Shaopei wa Nanjing,

Ulisema tukuandikie ukishafika salama. Sasa sisi wa huku juu, tusio na simu wala huo mtandao wako, tutajuaje kama umefika? Nimeamua umefika. Kama uliteleza ukaingia bondeni, basi aliyekuokota na akusomee.

Sisi hatujambo. Nguruwe uliyemkalia ulipokuwa ukirudi kinyumenyume kupiga picha bado anachechemea, na akimwona mtu mwenye miwani anatimua mbio. Watoto wa shule wanaigiza kisa hicho kila mapumziko. Mmoja anakuwa wewe, mmoja anakuwa nguruwe, na wanapigana kwa sababu wote wanataka kuwa nguruwe. Mke wangu anauliza kama tumbo limepona. Nimemwambia mtu aliyekula minofu yote ile huku amefumba macho hawezi kupona upesi.

Mwalimu Aqu alitaka kuniandikia barua hii nikamkatalia. Angetia adabu ndani. Mimi ni mpishi na mpiga kengele wa shule, elimu yangu ni darasa la tatu, tena la kurukaruka, lakini barua zangu naandika mwenyewe na za kwangu nasoma mwenyewe.

Ila kuna jambo nataka kukwambia bila mzaha. Siku ile ulipomwuliza mjukuu wangu Wugamo habari za kwao, naye akakujibu kwa Kichina chake cha darasani kwamba baba mkubwa amekufa, ulivua miwani ukalia. Mimi nimeshika sufuria, nikaona haya. Mgeni analia, mwenye msiba amekodoa macho. Handaki lilipomwangukia Muga wangu kule alikokuwa akichimba, hata mwili wa kuchoma, kama tunavyowaaga wafu wetu, hatukuletewa, na tangu hapo hakuna mtu wa mbali aliyenipa pole. Umenipa wewe. Halafu ukaniuliza, "Na wazazi, mzee?" nikakutania kwamba mji umewala, ukaanza kulia upya! Kijana, una machozi kama mfereji.

Tuma picha. Wugamo anauliza kama bado yumo ndani ya ile mashine au ulishamtoa.

Ni mimi, Eqi Vuda,
mpishi, mpiga kengele, na mkalimani wa bei za nguruwe


Guoda, siku hiyohiyo

Keha mwanangu,

Wino umebaki, nikaona nisiumwage.

Kijana mmoja wa Nanjing alikuja kututembelea shuleni, mrefu, mweupe kama tui la soya, anatembea kama mbuzi aliyezaliwa leo. Amempiga binti yako picha kando ya moto, mikono imepasuka kwa baridi, kashika kiazi. Nikamwambia ngoja tumwoshe uso. Akasema la, hivyohivyo. Watu wa mjini wanapenda uchafu wa wenzao.

Wugamo anakua. Anasoma kwa sauti mpaka kuku wanashuka kwenye vijiti vyao. Anauliza wewe na mama yake mnafananaje. Mlipoondoka alikuwa wa kubebwa mgongoni, na picha yenu hatuna hata moja. Nikamwambia wewe una pembe mbili na mama yake ana mkia. Akaliwaza hilo jioni nzima.

Mwaka Mpya huu mtakuja? Mama yako amenikataza kuuliza. Nimeuliza. Bado unapanda yale majengo marefu? Shika chuma vizuri. Nimebakiwa na mtoto mmoja tu wa kiume.

Mke wako Ajia msalimie. Mwambie asiwapikie mafundi vizuri sana, watamng'ang'ania.

Baba yako, Vuda


Nanjing
27 Oktoba 2015

Babu Vuda,

Shikamoo. Nilifika salama, na tumbo limepona baada ya kuteseka sana. Mwambie Bibi nimeikumbuka supu yake ya majani machungu, ila si nyama.

Babu, nina habari kubwa. Picha ya Wugamo niliiweka kwenye mtandao. Sijui nikueleze vipi mtandao. Ni kama soko ambalo nchi nzima imo, na hakuna mtu aliyetoka nyumbani kwake. Kulipokucha, waliomtazama Wugamo walikuwa wengi kuliko watu wote wa wilaya yenu. Wanalia. Wanauliza nani atampa mtoto huyu koti. Wanabishana nani aanze. Chini ya picha niliandika maneno aliyoniambia mwenyewe: "Baba mkubwa amekufa." Kisha nikaongeza: "Yatima wa Guoda, anasoma kwa mwanga wa moto." Sasa kila mtu anamjua kwa jina hilo, Yatima wa Guoda.

Kama nimegusa kidonda naomba radhi. Mimi nilizaliwa peke yangu, baba yangu alizaliwa peke yake, na mama vilevile. Mezani kwetu kuna viti vitatu tu. Kila nikiwaza kimoja kikiwa kitupu, usingizi unaruka.

Natuma makoti, taa za jua, na picha yenyewe. Wugamo mwambie mashine imemtoa, ila sasa yuko kila mahali.

Mjukuu wako wa mjini,
Shaopei


Guoda
8 Novemba 2015

Mjukuu wangu wa mjini,

Makoti yamefika, yamebebwa na nyumbu wa yule mleta barua, na nyumbu amekasirika. Watoto wamevaa, sasa siwatofautishi, nampa mmoja kiazi mara mbili na mwingine analia.

Kuhusu habari kwamba Wugamo wetu amekuwa yatima: usidhani sisi wa mlimani hatuelewi mambo. Tumeelewa na tumefurahi mno. Tumechinja kuku, yule mwekundu aliyekuwa anatunzwa kwa ajili ya Mwaka Mpya. Mke wangu amezunguka nyumba zote akiwatambia majirani. Jirani yangu Shibu amenuna. Anasema wajukuu zake wana adabu kuliko wetu, hawalambi kamasi, kwa hiyo na wao wanastahili kuwa yatima, ukija tena uwapige picha. Nimemwambia asubiri zamu yake.

Picha tumeitundika. Bibi yake anaisemesha kuliko anavyomsemesha mtoto mwenyewe.

Vuda, babu wa yatima


Guoda, siku hiyohiyo

Keha mwanangu,

Hujajibu. Au barua zinaliwa na nyumbu.

Binti yako amepata cheo! Yule kijana wa picha ameandika kwamba nchi nzima inamjua, na wamempa jina. Sijui linatamkwaje, nimekuchorea hapa chini ulione. Ningemwuliza Mwalimu Aqu, lakini ameitwa semina wilayani na amefunga kabati la kamusi, ufunguo kaenda nao. Basi nimelifumbua mwenyewe. Alama ya kwanza, upande huu ni mtoto, hiyo naijua. Upande ule ni boga, nayo naijua kwa sababu ya sokoni. Alama ya pili ni miguu miwili. Mtoto kando ya boga, anatembea. Maana yake iko wazi kabisa: mtoto aliyeshinda, akapewa boga, anakwenda nalo nyumbani. Kwa lugha yetu nimeliita "mtoto wa boga," na mama yako ameshalitangaza kijiji kizima.

Ukiniandikia nielekeze linavyotamkwa, nisije nikaumbuka mbele ya wageni. Na uje ule boga lenyewe kabla halijaisha.

Baba yako mwenye furaha, Vuda


Nanjing
20 Novemba 2015

Babu Vuda,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikacheka, kisha nikaingia bafuni nikalia. Wengine wangejifungia ndani. Ninyi mnachinja kuku na kumtania jirani! Niliiweka mtandaoni, na maelfu wameandika kwamba hivi ndivyo watu wa milimani wanavyobeba msiba, kwa kucheka.

Sasa sikiliza. Kuna taasisi ina nyumba ya kulea watoto kule tambarare, chini ya milima yenu. Kila mtoto ana kitanda chake. Kuna mabomba ya moto ukutani, maktaba, maziwa kila asubuhi. Wanapokea yatima peke yao. Wameona picha na wanamtaka Wugamo. Watafika mwanzoni mwa Desemba, kabla theluji haijaziba njia. Karani wa tarafa yenu ameshakubali.

Najua ni kumtoa kifuani pako. Lakini babu, wewe na Bibi mmezeeka. Ana nani mwingine?

Shaopei


Guoda
6 Desemba 2015

Shaopei,

Wamekuja, wamemchukua.

Walikuwa wanawake wawili na dereva. Karani wa tarafa aliwaongoza huku anatafuna mbegu za alizeti, maganda anatema kwenye moto wangu. Waliongea wao kwa wao, Kichina cha haraka, mimi changu ni cha "punguza bei." Karani akanigeukia mara moja tu. "Mzee, wewe ndiye mlezi?" Nikamwambia, "Kwani ulidhani ni nguruwe?" Wakacheka wote. Nikachovya dole gumba nikabandika. Jina langu naweza kuliandika, lakini hawakulitaka.

Mke wangu hakutaka. Nilimwambia wewe mama, mtoto ameshinda, unataka kumnyima boga lake? Nikamsema mpaka akanyamaza.

Wugamo alishuka nao bila kulia mpaka kwenye mti ule mkubwa wa mjozi, halafu nikamwona anarudi mbio kilima kizima. Nikajua amebadili nia, na nikikwambia sikufurahi nitakuwa mwongo. Kumbe ilikuwa zamu yake ya kunigongea kengele. Akaigonga, akaifuta kwa mkono wa koti, akaondoka.

Shuleni hapasemeki. Mwalimu Aqu hakurudi kutoka semina, wamempangia kituo kingine. Naita watoto, nawapa viazi, nawafundisha yote ninayoyajua, na tunamaliza kabla jua halijapanda.

Niambie, likizo watamrudisha wao au nishuke kumchukua?

Vuda


Dongguan
28 Desemba 2015

Baba,

Shikamoo. Barua zako zote nimezipata jana kwa pamoja, hata ile ya kuchukuliwa kwa Wugamo. Tulihamishiwa ujenzi mwingine, zikabaki kwa mlinzi wa zamani.

Lakini kabla ya barua nilikuwa nimeshaona. Kijana mmoja wa kikosi chetu alikuwa amelala anatazama simu, machozi yanamtoka. Akasema, "Eqi, njoo, huyu si wa huko kwenu? Maskini, hana baba wala mama." Nikaichukua simu. Nikaona uso wa mama yangu kwenye mwili wa mtoto, na nyuma yake jiko letu.

Baba, lile neno ulilolichora si boga. Ni yatima. Mtoto aliyefiwa na wazazi. Nchi nzima imesoma kwamba mimi na Ajia tumekufa, na wewe ukachinja kuku.

Ajia hali chakula. Ananiuliza, "Baba mkwe alimwambia nini yule mtu?" Nimjibu nini? Kikosini kuna wanaosema nimeuza mtoto kwa matajiri na nimejificha huku. Mmoja nimempiga. Msimamizi amesema nikirudia naondoka.

Mwandikie huyo mtu. Mwanangu arudi nyumbani. Na nakuomba, mara hii moja katika maisha yako, usitie utani.

Keha


Guoda
9 Januari 2016

Ning Shaopei,

Nimeombwa nisitanie, kwa hiyo barua itakuwa fupi. Nikiondoa utani sibakiwi na maneno mengi.

Baba yake Wugamo hajafa. Anaitwa Keha, yuko Dongguan, anapanda majengo. Mama yake ni Ajia, anawapikia mafundi. Wanakula, wanakunywa, wanakohoa. Aliyekufa ni Muga, mwanangu wa kwanza, kaka yake Keha. Huyo ndiye baba mkubwa. Baba mkubwa ni kaka wa baba! Kaka mkubwa wa baba ni baba mkubwa, mdogo wake ni baba mdogo, na binamu zake wote katika ukoo ni baba vilevile. Mtoto wa kwetu ana baba wa kumgawia jirani. Akifa mmoja, waliobaki wanamweka mtoto kando ya moto wao. Ndiyo maana neno lako sikulijua, hapa hakuna aliyewahi kulitafuta. Wewe ulilelewa nyumba ya namna gani, isiyo na baba mdogo hata mmoja wa kukuzaba kofi ukajua ndugu ni nini?

Na mimi nikadhani unamlilia Muga.

Mke wangu hajala. Anasema watu wengi hivyo wakitamka kwamba fulani ni marehemu, roho ya huyo fulani inasikia na inafungasha. Ameita mganga aje na vitabu vyake aziite roho za Keha na Ajia zirudi miilini. Mbuzi amekwenda. Mimi mambo hayo huwa nayacheka. Safari hii nilimshika mbuzi mwenyewe, na kila mganga alipotaja jina la Keha niliitikia kwa nguvu kuliko wote.

Futa maneno yako. Mtoto arudi. Kama hakuna wa kumleta, nitashuka theluji ikilegea.

Eqi Vuda


Nanjing
25 Januari 2016

Babu,

Barua yako nimekaa nayo siku nyingi kabla ya kushika kalamu. Wewe mwenyewe uliniambia mji umewala wazazi wake. Nilikusikia, ulikuwa umeshika sufuria, na hukucheka.

Nilikwenda kwenye ofisi ya taasisi. Waliposikia walifunga mlango na madirisha. Wakaniambia hivi: waliochanga pesa kwa sababu ya picha ile wakijua wazazi wapo hai, wataita utapeli, na wa kwanza kukamatwa ni aliyeweka dole gumba. Ni wewe, babu. Wale walioandika machozi ndio watakaoandika matusi, tena watamfuata Keha mpaka kazini kwake. Mtoto atatolewa nje siku hiyohiyo, mbele ya kamera.

Picha nimeifuta kwangu. Haisaidii. Imeshanakiliwa na watu nisiowajua, sasa ina maneno ambayo hata mimi sikuyaandika.

Wugamo yuko salama. Nimemwona. Mashavu yamejaa, ni wa pili darasani. Nyumba yenyewe ni nzuri, sikudanganya katika hilo. Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii, maana ni haki yenu. Lakini nakusihi mnyamaze mpaka kiangazi, mambo yapoe, nitafute njia. Sasa hivi sina.

Nisamehe kama unaweza.

Shaopei


Dongguan
24 Februari 2016

Baba,

Shikamoo. Barua ya yule kijana uliyonitumia, yenye anwani nyuma, ilifika kabla ya sikukuu ya Wachina. Ujenzi ulifungwa, tukapanda treni tumesimama, tukaenda.

Tulivaa vizuri. Ajia alinyoosha shati langu kwa chupa ya maji ya moto. Getini mlinzi akauliza sisi ni nani. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kusema "ni baba yake," nikakumbuka dole gumba lako. Nikasema, "Ndugu." Akatoka mwanamke, akatutazama mmoja mmoja, na nadhani alijua, kwa sababu alituvuta pembeni akazungumza kwa sauti ya chini. Akasema, "Nitamwita. Akiwatambua, tutakaa tuongee. Asipowatambua, mtaondoka kimya, na sisi tutakaa kimya."

Akaletwa. Baba, amenenepa. Nywele zimekatwa. Mwanamke akamwuliza, "Wugamo, unawafahamu hawa?" Alitutazama taratibu, kwa adabu, kama tulivyofundishwa kuwatazama wageni. Akasema kwa Kichina kilichonyooka kuliko changu, "Hapana, mwalimu. Shikamooni."

Ajia alifungua mdomo amwite kwa jina la utotoni. Nilimshika mkono nikaubana. Ni mimi, baba. Si yule mwanamke, si mlinzi. Mimi ndiye niliyemzuia. Akasema maneno mawili matatu tu kwa lugha yetu, sikuyasikia vizuri, nikamvuta tukaondoka.

Nilikuwa nimekuja kumchukua, naapa. Ila nyuma yake kulikuwa na dirisha, na ndani yake watoto wamekaa wanasoma bila makoti. Bila makoti, mwezi wa pili! Nikajiuliza, nikimtoa hapa nampeleka wapi? Mwalimu ameondoka, na umeniandikia kwamba shule umeifunga. Na akikaa nasi Dongguan atalala wapi, kwenye bweni la mafundi? Na mimi niko juu ya chuma kila siku. Nikiteleza kesho, atakuwa yatima kweli, tena asiye na maziwa.

Usishuke. Nakuamuru, ingawa wewe ni baba yangu. Akiuliza habari zetu, usimrudishie matumaini. Tumekubali kuwa hivyo walivyotuandika.

Nimesema tumekubali. Nimekubali mimi. Ajia hajanisemesha tangu tuliposhuka kwenye treni.

Keha


Nyumba ya watoto
2 Machi 2016

Babu na Bibi,

Shikamooni. Mimi sijambo. Leo tumefundishwa kuandika barua, kwa hiyo nawaandikia ninyi.

Chakula ni kizuri. Jumamosi wageni wanakuja, tunasimama mstari tunaimba, na mimi nasimama mbele kwa sababu wananijua. Wengine wananishika nywele. Hapa kengele inajigonga yenyewe kwa umeme, hakuna zamu.

Babu, mwalimu wa hapa amesema baba na mama walikufa zamani, na ninyi mlinificha ili nisilie. Ni kweli? Wewe ulisema wako Dongguan. Mwalimu akasema watu wazima husema hivyo. Nimelia kidogo tu, kwa sababu siwakumbuki.

Sikukuu walikuja mwanamume na mwanamke wa kwetu. Sikuwajua. Mwanamume alikuwa anatazama dirisha. Mwanamke hakunitazama usoni, alitazama viatu vyangu, akasema kwa lugha yetu, "Vinambana." Ni kweli vinanibana, lakini sijamwambia mtu yeyote, kwa sababu ni vya msaada. Alijuaje? Walikuwa nani?

Jibu upesi. Usiweke utani mwingi, hapa nikicheka peke yangu wananiuliza kuna nini.

Mjukuu wenu,
Wugamo


Guoda
20 Machi 2016

Wugamo, mjukuu wangu msumbufu,

Barua yako imefika. Umeandika vizuri mpaka nimeona wivu. Bibi yako ameibandika ukutani karibu na moto, na akipita anaigusa, hajui kusoma lakini anasema anakusikia.

Habari za huku si nyingi. Shibu amefungia mbuzi wake darasani kwenu. Juzi niliingia nikawaita majina kama Mwalimu Aqu, na mmoja tu ndiye aliyeitikia, wa dawati lako. Theluji imelegea. Nilishuka mpaka kwenye mjozi na furushi langu, nikakaa pale kitambo, kisha nikarudi. Magoti haya hayanitii. Usipite huku na huku ukiningoja.

Umeniuliza mambo mawili.

La kwanza, aliyokwambia mwalimu wako. Mwalimu wako amesoma, mimi niliishia darasa la tatu. Msikilize yeye.

Nimefuta mistari miwili hapo, usijaribu kuisoma.

La pili, wale watu wa sikukuu. Nimeulizia. Walikosea geti. Walikuwa wanamtafuta mtoto mwingine, wakamkosa, wakarudi kazini kwao. Mwanamume hana neno. Usiwaze habari zao.

Ila huyo mwanamke alisema kweli. Mguu wa mtoto ukibanwa unapinda, na ukishapinda haunyooki. Usione haya kwamba ni vya msaada. Leo hii, ukishasoma barua hii, nenda kwa anayegawa viatu, umwambie akupe vikubwa zaidi. Akikuuliza nani kakwambia, sema kuna mama mmoja alikuona.

Babu yako,
Vuda